Baba Alijua Kiingereza cha Maji Tu

Harufu ya klori ikinipata, hata nikiwa katikati ya soko, miguu yangu inasimama yenyewe. Wiki hii wamerudisha mapipa ya dawa ya maji pale ufukweni, kwa sababu ziwa limepanda, limeingia mu nyumba za watu, na vyoo vimechanganyika na visima. Nilishuka asubuhi na bidoni yangu ya manjano ya kutekea maji, na kabla sijaona foleni, harufu ilinifikia. Ninyi wa rika langu, mliokunywa ziwa hili mkiwa wadogo na mkabaki wazima, mnaijua. Wengine inawakumbusha tenti nyeupe na vitanda vya kolera vilivyotobolewa katikati. Minye, yaani mimi, inanikumbusha Baba akisema Kiingereza.

Tumemzika Baba kiangazi hiki, ndiyo maana ninaandika. Mkono wangu ni mzito, shule yangu ilikuwa fupi, na nitasema ni nani aliyeifupisha. Lakini kama sitaandika, Baba atabaki yule mtu wa kuchekwa, na wale waliomcheka watabaki watu wazuri.

Baba alizaliwa milimani, kule juu ya Lemera, mlimaji wa maharagwe. Vita ndivyo vilivyotushusha. Walioichoma nyumba yetu hawakutoka mbali, na mmoja wao, Safari mwana wa Ntabaza, hadi leo ananiamkia sokoni, "Jambo dada," na minye namwitikia. Tulishuka kwa miguu mpaka Luvungi, na ni pale Luvungi Baba alipopata Kiingereza chake.

Alikipata ndani ya karanga. Mama mmoja alikuwa anauza karanga za kukaanga kando ya barabara, anachana kitabu, anakunja kila ukurasa kama pembe ya mbuzi, anajaza. Tulikula wote: Baba, Mama akiwa na mdogo wangu Amani mgongoni, na minye. Baba akaifungua karatasi ili tulambe chumvi. Akaacha kulamba. Katikati ya ukurasa kulikuwa na neno moja ndani ya duara, limekaa kama mama, na maneno mengine madogo yamelizunguka kama watoto wanaongojea ugali. Kila neno lilikuwa na mchoro wake: mto unakimbia, chungu kinatoa mvuke, mwanamke ana ndoo kichwani, mtu amezama mpaka kidevu.

"Hii iko maji," Baba akasema. "Yote iko maji."

Akaikunja, akaiweka mu Biblia, tukaendelea na safari.

Uvira tulipokelewa na baba mukubwa Rusati, kaka yake Baba, aliyetupa chumba kimoja nyuma ya parcelle yake, yaani kiwanja chake, na hakuacha siku moja ipite bila kutukumbusha. Kwa jirani alikuwa amefikia muhubiri aliyekuja na boti toka Kigoma. Huyo alijua Kiingereza. Kila asubuhi Baba alienda kwake na ukurasa wake wenye mafuta. Muhubiri alitaka kumfundisha pia salamu, kuhesabu, kuomba njia, mambo ambayo mtu hujifunza kwanza. Baba akakataa.

"Hii iishe kwanza, mtumishi. Mutu hafungue magunia mawili mara moja."

Siku gunia la kwanza lilipoisha, muhubiri alipanda boti akarudi kwao. Baba akabaki na gunia moja.

Lakini alilijua lote. Nilikuwa naenda naye ziwani kuteka maji, yeye na bidoni mbili kubwa, minye na kadogo kangu kalikokuwa ka mafuta ya mawese, na njia nzima tulikuwa tunasema. Kushuka: cold water, maji ya baridi. Dirty water, maji machafu. Deep water, maji yenye kina, pale tusiende. Running water, maji yanayokimbia, na tulikuwa tunalisema tukivuka mtaro. Kupanda, bidoni zikiwa zimejaa na pumzi ikiwa fupi, tulisema ya kazi: fetch water, carry water, boil water, pour water. Nikikosea, Baba alisimama, akatua bidoni, tukaanza upya.

Muhubiri alikuwa amemweleza kwamba Kiingereza hakikubali kila neno likae na kila neno. Baba alilipenda sana jambo hilo. Aliniambia: "Hata shiye tuko vile. Tunateka maji. Umesikia mutu anateka unga? Neno linajuaga mulango wake wa kupiga hodi." Sikuelewa vizuri, ila nilipenda wazo la maneno yanayopiga hodi.

Kitu nilichokielewa mimi kilikuwa kingine. Nilidhani Kiingereza ndiyo hicho chote. Nilidhani kuna watu mahali fulani ambao Mungu aliwapa neno moja na watoto wake kumi na wawili, basi, wanakaa wanaambiana habari za maji tangu asubuhi. Niliwaonea huruma. Nilikuwa nawaza wanamwitaje mama yao.

"Baba, bazungu ba Kingereza bakisikia njaa, banasemaka nini?"

Baba akafikiri. "Sijue, mwanangu. Pengine banakunywa maji."

Alisema bila kucheka, na minye nikalipokea hivyo hivyo.

Kisha kolera ikaja. Ilianza chini, kwa watu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ikapanda mtaa kwa mtaa, avenue moja baada ya nyingine. Wazungu wa kwanza waliokuja walijua Kifaransa, lakini waliondolewa kwa ajili ya vita, wakaletwa wengine kupitia Bujumbura, na hao hawakujua Kifaransa wala Kiswahili. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu, shingo nyekundu, kofia ya kitambaa. Alisimama ufukweni akiwa na chupa ya klori na sindano isiyo na mwiba, akitia matone mu kila bidoni. Watu wakamwita Mama Matone.

Sekretari wa avenue yetu alikuwa Zihindula. Ninamtaja kwa jina kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaja. Suruali ya mstari, kalamu mbili mfukoni. Asubuhi ile alimpokea Mama Matone kwa Kifaransa kirefu, na yule mwanamke akawa anamtazama kama mtu anayetazama mvua. Baba alikuwa kwenye foleni. Akanyoosha kidole kuelekea ziwani, akasema, "Dirty water."

Mama Matone aligeuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Yes! Dirty water!"

"Boil water," Baba akasema. "Clean water. Drinking water."

Asubuhi ile ile alivishwa kizibao cha rangi ya machungwa, kile tunachokiita jile. Baba yangu, mlimaji wa Lemera, akawa mkalimani. Na aliiweza kazi ile, msidhani hakuiweza. Mama Matone hakuwa na habari nyingine ila maji. Aliongea haraka, na Baba alisimama ameinamisha kichwa, anangojea neno lake lipite, kama mtu anayengojea ndugu yake ashuke kwenye boti. Likipita, analishika, anatazama mikono ya yule mwanamke, kisha anawaambia watu: "Anasema muchemshe." "Anasema musiteke pale kwenye choo." Hakuwahi kukosea.

Shida haikuwa kwa Baba. Shida ilikuwa kwamba watu hawakuyataka yale matone. Walipanga foleni, walipokea, walisema asante, kisha wakifika nyuma ya ukuta wa kanisa wanamwaga bidoni nzima na kwenda kuteka tena kwenye mawe, maji yale yale ya kolera.

Ninyi mnajua kwa nini. Kwetu, anayekupa kitu cha kunywa anaonja kwanza. Mwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, anakunywa ya kwanza, ndipo anakupa kibuyu. Hata mama akimpa mgeni maji, anapeleka kopo mdomoni mwake kidogo, mgeni anaona, ndipo anapokea. Ni kwa ajili ya sumu, kila mtu anajua, na hakuna anayelisema. Mama Matone alikuwa na kichupa chake kiunoni, chenye mfuniko uliofungwa kule kwao, na akisikia kiu alikunywa kile. Watu walikiona tangu siku ya kwanza. "Shiye anatupatia hii, yeye anakunywa yake," walikuwa wanasema. Naye hakuna aliyemwambia. Nani angemwambia? Baba alilijua jambo hilo, lilimsumbua, lakini mu karatasi yake halikuwepo.

Sifa alikufa wiki ya pili. Alikuwa mtoto wa Mama Riziki, jirani yetu, na tulikuwa tunaruka kamba pamoja. Siku mbili baadaye mdogo wangu Amani akaanza kuhara. Asubuhi alikuwa anacheza, saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mzee. Mama alimpeleka kwenye tenti na kubaki naye. Baba alilala pale nje ya kamba iliyozungushiwa tenti, na asubuhi akavaa jile yake akashuka ufukweni kama kawaida, kwa sababu bidoni zilikuwa zinamwagwa nyuma ya ukuta na watoto walikuwa wanaendelea kubebwa.

Hiyo ndiyo asubuhi ambayo Zihindula aliichagua.

Alikuja na mpwa wake Dodo, kijana aliyemaliza sekondari, aliyejifunza Kiingereza shuleni. Alikuwa ameitaka ile jile kwa ajili ya Dodo tangu mwanzo. Ufuko ulikuwa umejaa watu. Akapanda juu ya jiwe.

"Bantu ba avenue, munisikilize! Huyu mushamba wa mulimani anabadanganya. Hajue Kingereza. Anajua neno moja! Munataka kuona? Dodo, mwambie Madame amuulize Baba Amani habari ya batoto bake."

Dodo akasema na Mama Matone kwa sauti ya chini. Yule mwanamke akashangaa kidogo, akamgeukia Baba, akamuuliza. Aliuliza kwa upole, maneno mengi, na ndani yake hapakuwa na maji. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anangojea. Neno lake halikupita. Mama Matone akauliza mara ya pili, polepole, na bado halikupita.

Minye nilikuwa mbele, na kabidoni kangu kameshatiwa matone. Nilichoona ni kwamba wanamwonea Baba. Nilijua Kiingereza chote, na ile haikuwa hicho. Nikapiga kelele:

"Hiyo haiko Kingereza! Baba, usijibu, hiyo haiko Kingereza!"

Ufuko wote ukacheka. Walicheka wavuvi, walicheka askari, walicheka hata wale waliokuwa na mgonjwa kwenye tenti. Zihindula alishika tumbo. "Mumesikia? Hata mutoto wake! Nyumba nzima iko na neno moja!"

Kisha kicheko kikageuka, kama upepo unavyogeuka. Mwanamke mmoja akasema, "Sasa kama hajue Madame anasema nini, nani alituambia hii dawa iko muzuri?" Mwingine akajibu, "Njo ile nilisemaka." Bidoni ya kwanza ikapinduliwa pale pale, mbele ya Mama Matone, bila hata kujificha nyuma ya ukuta. Halafu ya pili. Maji yenye harufu ya klori yakawa yanarudi ziwani katikati ya miguu yetu, na Mama Matone akawa anashika watu mikono, anasema no, no, na hakuna aliyemsikia.

Dodo alikuwa amesimama pale pale. Angeweza kumweleza yule mwanamke kila kitu: kuonja, sumu, kichupa cha kiunoni. Dodo alikuwa na Kiingereza cha vitu vyote, na siku ile hakukitumia kwa kitu hata kimoja.

Baba alivua jile. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya pipa. Nilidhani tunarudi nyumbani. Lakini alichukua kopo la plastiki, akaja kwangu, akainamisha kabidoni kangu, akajaza kopo mpaka juu. Akaenda akasimama mbele ya Mama Matone.

"Clean water?" akamuuliza.

Yule mwanamke akafuta jasho. "Yes. Clean water."

"Drinking water?"

"Yes. Drinking water."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama mwamuzi aliyemaliza kusikiliza pande zote mbili. Akamnyooshea kopo.

"Drink water."

Mama Matone alionyesha kichupa chake, kwamba asante, anacho. Baba akakataa kwa kichwa. Akanyoosha kidole kwa watu, mmoja mmoja, hakuruka mtu: wavuvi, akina mama, Mama Riziki aliyefunga kichwa chake kwa kitambaa cha msiba, minye. Kisha akaonyesha kopo. Kisha mdomo wa yule mwanamke. Na akasema tena, taratibu, kama tulivyokuwa tunasema tukipanda na mizigo:

"Drink. Water."

Mzungu mwenzake Mama Matone alimwambia kitu, nadhani alimkataza. Mama Matone alitazama ndani ya kopo. Alikuwa anaogopa. Na watu waliona kwamba anaogopa, na hawakutaka kuona kingine ila hicho: kama yeye pia ana roho ya kupoteza. Akalishika kopo kwa mikono miwili. Akanywa. Alikunywa lote, koo linapanda na kushuka, na alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati.

Baba akajaza tena, akanywa. Akajaza tena, akanipa.

Wa kwanza kusogea alikuwa Mama Riziki, aliyemzika mtoto wake wiki ile. Akatua bidoni yake mbele ya Baba. "Tia, Baba Amani," akasema. "Tia na ya minye." Na mzee mmoja mvuvi, nyuma yake, akasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Sasa njo anatupatia kama bantu."

Siku ile hakuna bidoni iliyomwagwa nyuma ya ukuta wa kanisa. Nilienda kutazama. Udongo ulikuwa mkavu.

Amani alitoka kwenye tenti mgongoni kwa Mama, mwepesi kama kuku, akiomba samaki. Leo anaendesha pikipiki kati ya Uvira na Luvungi na ana kitambi. Siku aliyotoka, Mama alilia, akamwambia Baba kwamba hata yeye alikuwa anamwaga. Mke wa mkalimani! Nilingoja Baba akasirike. Alisema tu, "Hata minye sikuonja kwanza mbele yako."

Sitaki mdhani kwamba walimshukuru. Kabla ya mwisho wa wiki Zihindula alikwenda kwa wakubwa, na jile akavaa Dodo. Baba mukubwa Rusati alisema ameaibishwa mbele ya avenue nzima, kwamba nyumba yenye neno moja haina haja ya mtoto shuleni, na minye nikatolewa katika mwaka wa tatu wa primer, shule ya msingi, nikaanike ndagala za mke wake. Zihindula na Rusati, hao wawili ndio waliofupisha shule yangu. Zihindula alizikwa kwa hotuba nne. Nilikaa pale, nikasikiliza zote, nikala wali wake wa matanga, na hakuna hotuba iliyotaja ufuko.

Lakini Mama Matone hakusahau. Tangu asubuhi ile mpaka alipoondoka, kila siku alianza kazi kwa kunywa kopo moja mbele ya watu. Waliomfuata walimwona, nao wakafanya.

Tulipofungua Biblia ya Baba baada ya mazishi, karatasi ilikuwepo. Mahali pa mafuta ya karanga bado panapitisha mwanga. Binti yangu Neema, anayejifunza Kiingereza kwenye simu, alikuwa ananionyesha zoezi lake siku hizo hizo: wanakupa jina moja la kitu cha kila siku, unatafuta maneno yanayopenda kukaa nalo. Jina lilikuwa lile lile. Kabla hajagusa kioo, nilimwagia yote kumi na mawili, ya kushuka na ya kupanda.

"Mama! Weye ulisomaka hii wapi?"

"Mu karanga," nikamwambia.

Basi, asubuhi hii, ufukweni. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana mwenye jile ya machungwa, ambaye angeweza kuwa mtoto wangu, alitia matone mu bidoni ya kwanza, akangoja, akachota kopo. Akalinyanyua watu walione. Akanywa lote, akajifuta kwa mkono wa shati, ndipo akaita wa mbele.

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, "Mwanangu, nani alikufundisha kunywa kwanza?"

"Hakuna mutu, Mama. Njo inafanyikaka tu."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na jina la Baba tayari mdomoni, na la Zihindula, na la Dodo. Lakini nyuma yangu kulikuwa na wanawake, watoto, bidoni za kila rangi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama upande wa ukuta wa kanisa. Nikatua bidoni yangu.

"Clean water?" nikamuuliza.

Kijana akacheka kwa mshangao. "Eh! Mama anajua Kingereza!"

"Cha maji tu," nikasema, na nikanyoosha mkono anipe kopo.